Bastola ya Miale Iliyoandikwa Mbovu

Kwa Msimamizi wa Jengo la Ukumbi wa Mji,
Ghorofa ya kwanza, chumba chenye mlango wa kijani.

Ndugu Msimamizi,

Siku ya Jumanne wiki hii, saa tisa na dakika ishirini alasiri, kwenye lango la nyuma la jengo unalolisimamia, nilipoteza bastola moja ya miale. Sikuiangusha, sikuisahau kwenye benchi, wala hakuna kibaka aliyeipitia. Ilichukuliwa mikononi mwangu na mlinzi wako, ikaandikishwa na mtunza stoo wako, ikafungiwa kwenye kabati lako la chuma, na mimi nikakabidhiwa nakala ya fomu ya waridi pamoja na taulo nililokuwa nimeifungia. Taulo ninalo. Bastola sina. Ndiyo sababu ya barua hii.

Naomba uisome leo, usiiweke kwenye trei. Tangazo lililobandikwa juu ya dirisha la stoo linasema hivi: kitu chochote kilichozuiwa langoni kikaandikwa MBOVU kinapelekwa kusagwa Ijumaa saa sita mchana, na silaha yoyote iliyoandikwa NZIMA inapelekwa polisi. Yangu imeandikwa mbovu. Mchezo wa kuigiza ambao niliitengenezea unaonyeshwa humo humo ukumbini mwako, Jumamosi saa kumi jioni. Nimepiga hesabu kwa njia tatu na zote zimenipa jibu lile lile: bastola itakuwa unga saa ishirini na nane kabla ya pazia kufunguliwa.

Nijitambulishe kwanza. Mimi ni fundi bomba, mwaka wa thelathini na moja huu. Shule niliiacha darasa la saba. Yaliyobaki nimejifunza nikiwa nimelala chali chini ya masinki ya watu. Mtaani wananiita Fundi Inchi kwa sababu huwa sikadirii. Nina binti mmoja, yuko mwaka wa mwisho chuo cha ualimu. Yeye ndiye aliyeuandika mchezo huo, na ndiye anayecheza kapteni wa chombo cha angani. Kusema kweli, tangu aanze chuo, binti yangu amekuwa akiniomba vitu vya kununua tu. Mara moja aliniomba nisimfuate chuoni na nguo za kazi. Sikumlaumu, nguo zenyewe nazijua. Ila mwezi uliopita alikuja karakana, akageuza ndoo akaikalia, akaniambia, "Baba, unaweza kunitengenezea kitu ambacho hakipo?"

Mimi nikamwuliza, "Urefu wake?"

Kilichomo kwenye kabati lako, Ndugu Msimamizi, ni jibu la swali la binti yangu. Sasa malalamiko.

1. Kuhusu jina. Kwenye sehemu ya "Aina ya Kitu" mmeandika: bunduki, aina isiyojulikana. Aina yake inajulikana, naijua mimi. Mtutu ni bomba la plastiki la inchi moja na robo, urefu inchi saba na nusu, na mdomo wake umezibwa kwa kichujio cha sinki. Narudia: umezibwa. Mwili ni tii ya bomba, ile ya njia tatu, niliyoikata njia moja na kuipiga msasa mpaka ikasahau ilikotoka. Mpini umetoka kwenye pasi ya mke wangu iliyoungua. Kifyatulio ni cha chupa ya dawa ya kusafishia vioo. Darubini ya kulengea ni kifuniko cha manukato kilichokaa juu ya vipande viwili vya kalamu. Taa iliyo ndani ya mtutu ni ya nyuma ya baiskeli, na kengele ni ya saa ya mezani. Skrubu kumi na nane. Rangi ya fedha imepulizwa mara nne, na kila mara nilisubiri ikauke, jambo ambalo wateja wangu wakisoma hapa hawataamini. Jumla vipande arobaini na tatu, gramu mia nane na arobaini. Ukiondoa mwanga, kitu pekee kinachoweza kutoka kwenye mtutu ule ni maji, na hayo utayatia mwenyewe, na yatatoka yakiwa yamechujwa.

2. Kuhusu neno "inawaka". Mlinzi aliniuliza, "Mzee, hii inapiga?" Nikamjibu kwa ukweli wa fundi, "Haipigi, inawaka." Nilimaanisha inawaka taa. Yeye akaandika kwenye daftari "inawaka", nukta, na dakika saba baadaye akafika mtu wenu wa zimamoto na ndoo ya mchanga, akaiweka katikati yangu na bastola. Nikaona nifafanue. Nikasema, jamani, inawaka kidogo tu halafu inalia. Mtu wa zimamoto akanitazama kwa huruma akasema, "Na wewe ukiwaka si utalia?" Mlinzi akaandika hilo pia. Ndiyo maana fomu yangu, nakala ninayo hapa, inasomeka kwamba mtuhumiwa alikutwa na bunduki inayowaka na kulia, na kwamba mtuhumiwa mwenyewe akiwaka atalia.

3. Kuhusu mwenendo wa mlinzi. Mtu wa zimamoto alipoondoka na mchanga wake, mlinzi aliishika bastola, akailenga ukutani, akafumba jicho moja, na kwa mdomo wake mwenyewe akasema, "Pyuu! Pyuu!" Kisha akamgeukia mfagiaji aliyekuwa akipita na ndoo. Mfagiaji akaachia ufagio, akashika kifua, akatambaa na ukuta hadi chini, akafa. Baada ya hapo akafufuka kwa hiari yake, akalalamika kwamba amepigwa hajajiandaa, akaomba warudie. Wakarudia. Kwa hesabu yangu mtu mmoja alikufa mara mbili ndani ya dakika moja na nusu, na ya pili aliifanya vizuri zaidi.

Sina ugomvi na mfagiaji, ana kipaji. Hoja yangu ni hii. Kama mlinzi aliamini ameshika silaha ya kweli, basi langoni kwako Jumanne kulifanyika majaribio mawili ya mauaji na sijaona fomu yake. Na kama hakuamini, alinizuilia nini? Achague moja. Mimi kazini siruhusiwi kumwambia mteja kwamba bomba linavuja na halivuji.

4. Kuhusu hali ya kitu. Hapa ndipo penye donda. Mtunza stoo wako ni mtu mpole, mwenye miwani, ana mwandiko ambao ningependa mafundi wote wangekuwa nao. Lakini alifungua kifuniko cha betri ili aangalie kama kuna risasi. Akakuta betri mbili za tochi. Akazitoa, akazinusa, akazirudisha zote mbili kichwa chini. Akafyatua. Haikuwaka. Akafyatua tena. Akasema "mh", akaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha MBOVU.

Ndugu Msimamizi, mimi nilisimama mbele yake nikiona kwa macho yangu. Nyumbani niliifyatua mara mia mbili, nikiandika vijiti ukutani, na mara zote mia mbili iliwaka. Mke wangu ni shahidi. Kuanzia ya sitini hivi alihamia chumba kingine. Nikamwambia mtunza stoo, kaka, umegeuza betri. Akanijibu, "Baba, mimi hapa naandika ninachokiona." Nikamwambia basi zigeuze uone kingine. Akasema ameshaandika, na kwamba wino wa ofisi hauna kifutio.

Sasa nijibiwe: kitu kibovu ni kipi? Kwa ufundi wangu, kitu kibovu ni kile kilichokataa kazi kilichoundiwa. Bomba kazi yake kupitisha maji. Likikataa ni bovu. Bastola ya miale kazi yake ni kushikwa jukwaani na kuaminiwa na mtu aliyekaa mstari wa kumi wa viti. Yangu iliaminiwa kwa umbali wa nusu mita na mlinzi, na mtu wa zimamoto, na mtunza stoo mwenye miwani ya kusomea. Hakuna bastola nzima kuliko hiyo katika mji huu. Kuiandika mbovu ni sawa na kumfelisha mwanafunzi kwa sababu mtihani umeshikwa juu chini.

5. Kuhusu visanduku viwili. Nilimwomba mtunza stoo kisanduku cha tatu. Akaipekua fomu mbele na nyuma, kwa heshima kabisa, akasema hakipo. Kwa hiyo hali yangu ni hii: nikishindwa hoja, bastola inasagwa, nikishinda, inakwenda polisi na huenda nikaifuata. Nimelifikiria jambo hili kutwa nzima nikiwa nazibua choo cha mteja, na uamuzi wangu ni kwamba nataka kushinda.

Ila tukubaliane na yanayofuata. Ikiwa ile ni silaha nzima, basi mimi ni kiwanda cha silaha, na nataka nitendewe kama viwanda vinavyotendewa. Karakana yangu, mita tatu kwa mbili na nusu, iwekewe uzio na mtu wa kupiga saluti. Mke wangu apelekewe taarifa rasmi, kwa maana mpaka sasa anaishi akijua aliolewa na fundi bomba. Na kwa kuwa sehemu kuu ya silaha hiyo ni mpini wa pasi, nashauri pasi zote zikusanywe. Mtaani kwangu pekee kuna nyumba ishirini na sita na nimehesabu pasi kumi na tisa. Wenye manukato nao wajiandae. Chupa za dawa ya vioo sikuzihesabu, nilihofia kuzua taharuki.

6. Kuhusu usawa. Kama kila kibovu kilichopo chini ya paa lako kinasagwa Ijumaa saa sita, kanuni hiyo isiishie kwangu. Nilikaa kwenye benchi la stoo saa moja na dakika hamsini, na mtu wa kazi zangu akikaa bila kazi huwa anakagua. Saa ya ukutani imesimama kwenye moja kasoro ishirini, na mfanyakazi wako aliniambia bila haya, "Hiyo usiiangalie, mzee." Muhuri wa mtunza stoo una tarehe ya miaka miwili iliyopita, yaani kwa karatasi zenu bastola yangu ilizuiliwa kabla sijaitengeneza. Lifti ina kiti cha plastiki mlangoni kuizuia isifunge. Bomba la choo cha wageni linadondosha matone hamsini na mawili kwa dakika. Nimehesabu mara mbili. Hayo ni matone elfu sabini na nne na mia nane themanini kwa siku, au lita tatu na robo tatu hivi, zinazokwenda bila fomu yoyote.

Na ule mlango wa kukagulia chuma langoni. Nilipita chini yake nikiwa na spana tatu mfukoni na haukusema kitu. Spana za kweli, Ndugu Msimamizi, chuma kitupu, moja ni ya inchi kumi na nne. Kilichozuiwa ni plastiki.

Nataka vitu hivyo vitano viandikiwe fomu za waridi, pamoja na mimi mwenyewe, ambaye goti la kushoto halikunjiki tena kupita nyuzi sabini. Nilisimama mbele ya mtunza stoo kwa muda mrefu, kwa makusudi, nione angeniwekea alama kwenye kisanduku kipi. Hakuchukua fomu.

7. Hili la mwisho sina namba zake. Nilipokuwa nikisubiri, mlango wa kioo wa ukumbini ulikuwa wazi kidogo, na ndani walikuwa wakifanya mazoezi. Binti yangu alikuwa katikati ya jukwaa, miguu ameitanua kama mtu anayemiliki sayari, amemnyooshea adui chanuo. Chanuo la nywele. Adui, kijana mmoja mrefu aliyevaa kofia ya pikipiki, alikuwa anajitahidi kuogopa, lakini hata mimi niliona inamshinda. Kisha binti akageuka, akaniona kwenye kioo. Hakuniangalia usoni. Aliangalia mikono yangu, akaona taulo.

Alikuwa ameshawaambia wenzake kwamba siku hiyo italetwa, na kwamba imetengenezwa na baba yake. Neno alilotumia, nimeambiwa na yule kijana wa kofia, ni "baba yangu ni fundi". Hajawahi kulitumia mbele ya watu wa chuo.

Kwa hayo yote, naomba mambo matatu. Kwanza, alama iliyo kwenye MBOVU ikatwe, na nyingine iwekwe kwenye NZIMA, na iwekwe na mtu yule yule. Pili, ili asipate shida ya dhamiri, azigeuze betri kwanza: ya kushoto, upande wenye chuchu uelekee mtutuni, ya kulia, uelekee kwenye mpini. Nimeambatanisha mchoro, vipimo vyake ni kamili. Akifyatua na isiwake, naikubali fomu yenu na nitakuja mwenyewe kuitia kwenye mtambo wa kusaga. Tatu, ikishawaka, irudishwe kwangu kabla hamjaanza kufikiria habari za polisi.

Nawasalimu wote hapo jengoni. Msalimie mlinzi, mwambie shabaha yake si mbaya. Msalimie mtu wa zimamoto na ndoo yake. Mtunza stoo mpe salamu zake peke yake, maana tumeudhiana lakini hatukukoseana adabu. Mfagiaji mwambie mkono usishike kifua mapema, asubiri sauti ya risasi ifike. Na wewe, Ndugu Msimamizi, ambaye hatujaonana, nakutakia afya njema na mabomba yasiyovuja.

Ni mimi, niliyekaa kwenye benchi lako,

Fundi Inchi,
fundi bomba na baba wa kapteni.

Nyongeza, baada ya sahihi:

Nilikuwa naifunga bahasha binti yangu aliporudi kutoka mazoezini. Nikampa barua aisome, aone baba yake anavyompigania. Alicheka kwenye la tatu. Kwenye la nne akavuta kiti, akaniambia, "Baba, hebu kaa."

Kumbe katika mchezo, Ndugu Msimamizi, bastola ya kapteni ni mbovu. Ni mbovu tangu ukurasa wa kwanza, na kapteni peke yake ndiye anayejua. Saa nzima anawazuia maadui kwa mdomo tu, huku ameshika kitu kisichowaka. Ikiwaka, mchezo umekwisha kwenye ukurasa wa tatu na watu warudi makwao. Anasema aliniambia siku ile ile, pale kwenye ndoo. Mimi nilikuwa nimeshawasha msumeno.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia tena alipoiona inawaka. Akasema, "Ulikuwa unaifyatua huku unacheka peke yako. Nikaona afadhali nibadilishe mchezo." Wiki mbili hizi, kumbe, amekuwa akikata na kuandika upya ili taa yangu ya baiskeli ipate nafasi, na bado haijakaa vizuri.

Kwa hiyo nafuta lalamiko la nne lote, na ombi la kwanza, na la pili. Mtunza stoo aliona sawasawa. Naomba aambiwe hivyo mbele ya wenzake. Mchoro wa betri uchanwe. Kama kuna mtu ameshazigeuza, azirudishe kichwa chini, na ikiwezekana kazi hiyo aifanye mtunza stoo mwenyewe, maana ana mkono nayo. Fomu ya waridi naomba nakala ya pili: binti anataka kapteni aisome jukwaani, palipoandikwa kwamba mtuhumiwa akiwaka atalia.

Kisanduku cha MBOVU nakikubali. Mtambo wa kusaga sikubaliani nao. Swali langu lililobaki ni moja: je, bastola hiyo, ikiwa mbovu hivyo hivyo mlivyoiacha, itatoka langoni kwako ikiwa nzima nzima, vipande vyote arobaini na tatu? Nataka neno moja tu, ndiyo au hapana, kwa maandishi, kabla ya saa nne kamili asubuhi ya Ijumaa.